Mgonjwa wa Boksi la Sabuni

Jumatatu, 3 Machi

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, walio karibu na walio mbali, kwamba leo saa nne asubuhi mgonjwa amelazwa chumbani kwangu, ndani ya boksi la sabuni. Umri: siku sita. Uzito: kama limau. Ugonjwa: mguu wa kulia umevunjika. Sababu: mdogo wangu.

Mdogo wangu hafungi mlango, anaubamiza. Vifaranga wanane walishavuka kizingiti cha jikoni. Huyu wa tisa alichelewa.

"Ah," amesema Mheshimiwa. (Ndiye mdogo wangu. Namwita hivyo humu tu, maana hata chumvi anaiomba kama anahutubia.) Mkewe amekuja, ameinama, ametazama. "Wifi, usijisumbue. Mpe paka."

Nimechukua njiti mbili za kiberiti na plasta. Nimeunyoosha mguu, nimeufunga. Paka ameambulia kutazama.

Jumanne, 4 Machi

Hajala. Maji amekunywa, matone, kwenye ncha ya kijiko. Balbu nimeishusha karibu na boksi apate joto.

Nimejikuta namgeuza. Saa tatu ubavu wa kushoto, saa tano wa kulia, saa saba tena kushoto. Kifaranga hageuzwi! Hapati vidonda vya mgongo. Lakini mama nilimgeuza kila baada ya saa mbili kwa miaka mitatu, na leo ana wiki sita kaburini. Mikono bado haijapewa taarifa.

Jumatano, 5 Machi

Mezani wifi amesema chumba changu kina hewa nzuri. Mara ya tatu tangu tumalize matanga. Zamani kilikuwa chumba cha mama na mimi nililala humo kwenye godoro la chini. Hewa hiyo hakuna aliyeisifia.

Kumbe Mheshimiwa anahitaji ofisi. Anasoma mita za maji. Mita zote ziko nje, kwenye kuta za watu. Sijauliza.

Niandike wazi, maana hapa hasomi mtu: nikitoka nyumba hii sina pa kutua mzigo. Kwa mume niliondoka miaka kumi na tisa iliyopita, na mlango alioufunga yeye ulifungwa sawasawa.

Alhamisi, 6 Machi

Amekula! Punje nne za chenga za mahindi. Nimezihesabu kama mwendawazimu.

Nimechora jedwali, lile lile la mama: maji, chakula, choo, kugeuzwa. Juu nimeandika WODI YA KUKU – HALI YA MGONJWA. Chini: Wageni wabishe hodi. Nimelibandika kwenye boksi. Utani wangu mwenyewe, nimecheka mwenyewe. Redio nayo inaongea peke yake na haishangai mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi ameingia bila hodi. Amesoma jedwali, amecheka mpaka ameshika ukuta. "Wifi wewe! Mpaka choo unaandika?" Akalipiga picha, akawatumia dada zake.

Nilifurahi. Nalitia hili kwenye daftari ili baadaye nisijidanganye.

Jumapili, 9 Machi

Mgonjwa anasimama. Mguu mmoja wa kwake, mwingine wa kiberiti, kama mlevi anayemweleza mkewe alikokuwa.

Wifi ameniletea chai chumbani. Ya maziwa. Kwenye kikombe cha wageni. Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo hapo.

Jumanne, 11 Machi

Sasa nimeelewa chai.

Mama yake wifi alianguka bafuni mwezi uliopita. Nyonga. Amelala kwa binti yake mkubwa, mwendo wa siku nzima kwa basi, na ameshawafukuza wasichana wa kazi wawili, mmoja kwa kumtupia bakuli. Leo dada mtu alipiga simu, wifi akaiweka sauti ya juu, na ukuta wetu ni mwembamba. Alisema mtu anayemgeuza kifaranga kila saa mbili, mama yao atamshindaje? Wakacheka wote. Kisha hawakucheka.

Jioni nimeitwa sebuleni. Mheshimiwa amesimama. Mbele ya watu wawili, amesimama.

"Dada, Mungu amekupa mkono. Mkono kama huo haukai bure."

Nimeuliza naenda kwa muda gani.

"Mpaka mama apone."

Mama ana miaka themanini na minne.

Nimesema, "Nina mgonjwa." Wamecheka, wakidhani natania. Nikarudia: nina mgonjwa, akipona tutazungumza. Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kubwa, kama nimeleta barua ya daktari. "Sawa, dada. Akipona."

Jumatano, 12 Machi

Amepona.

Nimefungua njiti asubuhi, mlango nimeukomea. Amekwenda mpaka chini ya kitanda, amerudi, amedonoa kidole changu cha mguu. Mfupa umeunga. Kazi safi, najisifu mwenyewe kwa kuwa wengine sifa zao zina tiketi ya basi.

Kisha nimemfunga tena. Njiti mpya, plasta mpya. Kwenye jedwali nimeandika: Bado anachechemea. Apumzike wiki mbili.

Wifi amepita, amesoma. "Maskini," amesema. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Alhamisi, 13 Machi

Anachechemea. Uongo hauna taabu ukishamfunga mtu njiti.

Wifi ameuliza mara mbili hali ya mgonjwa. Nikiwa na homa mwezi wa kwanza hakuuliza hata mara moja.

Ijumaa, 14 Machi

Hajala tangu jana mchana. Nilidhani ni joto. Nikamshika: mguu umevimba juu ya plasta, mwekundu. Anakua, plasta haikui. Nilimfunga mguu mzima kwa ajili ya kujinunulia wiki mbili, na yeye akakaa kimya kwenye kona, akinitazama kwa jicho moja kama wanavyotazama wao.

Nimekata. Mkasi umenichoma mimi. Nimemkanda kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchana. Saa tisa akala. Saa kumi akatoka mlangoni mwenyewe, nami sikumzuia.

Alikimbia uani. Anakimbia vizuri kuliko wale wanane.

Wifi alikuwa anaanika nguo. Akadondosha shuka. "Wifi! Mikono yako wewe!" Akanikumbatia, na naona aibu kusema, alikuwa na machozi kweli. Anampenda mama yake. Ningependa asimpende, ingekuwa rahisi kumchukia. Kabla shuka halijaokotwa alikuwa anapiga simu.

Jumamosi, 15 Machi

Sijasema ndiyo. Sijasema hapana. Mheshimiwa amesema tutakaa jioni, tuzungumze kama familia, uamuzi ni wangu, hakuna wa kunilazimisha. Akaenda kusoma mita.

Saa nane mtu amebisha hodi chumbani kwangu. Hodi! Nikajua si wa humu ndani. Fundi wa mapazia, mzee mpole, kalamu sikioni. Alisema bosi amemtuma apime ya ofisi. Alitazama kitanda changu, akatazama karatasi yake, akauliza kama amekosea chumba.

Nimesema hapana, ndicho.

"Basi mama, nishikie hapa."

Nikashika ncha ya futi. Yeye akavuta, akasoma kwa sauti, akaandika.

Dirisha la chumba changu lina futi nne kwa tatu na nusu.