Usitoe blanketi kwenye sufuria

Baba Lisette,

Nimeenda sokoni na mutoto. Usitoe blanketi ya Lisette kwenye sufuria ya bia, ndiyo inalinda joto! Ingiza kidole pembeni: kama hakisikii joto, ongeza kikombe cha maji ya moto. Lakini usichemshe, utaua kimea.

~~Usionje.~~ Onja kijiko kimoja. Leo umestahili.

Asubuhi masasi ya bunduki yalipolia hapa mtaani Gihosha, ulinyakua hiyo sufuria na blanketi yake, ukakimbia mpaka kanisani ukilia kwamba mutoto ana homa kali. Mi nilikuwa nyuma yako, Lisette mugongoni, nikikuita. Apana, we husikii! Majirani bado wanacheka.

Na mi nilicheka, mpaka nikasikia unaiambia sufuria: "Usiogope, papa yako amekushika."

Hakuna hata tone lililomwagika.

Mama Lisette