Safari ya Musumba na Mama Mujinga

Kapata, Kolwezi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute barazani na redio yako, goti limetulia na kile kikohozi cha alfajiri kimekuachia upumue. Mama mdogo Hadija aliniambia kwenye simu kwamba unakula vizuri, lakini namjua yule, hawezi kunipa habari mbaya nikiwa mbali. Niambie mwenyewe. Mimi ni mzima kabisa. Nimeungua jua usoni na midomo imepasuka kwa vumbi, na sababu yake ndiyo habari niliyokaa kukuandikia.

Wewe ndiye uliyenitia Kongo moyoni, na nyimbo zako za wakati wa kunyoa ndevu ambazo hukuelewa hata neno moja. Lakini huu ni mwaka wa pili niko Kolwezi na Kongo niliyoijua ilikuwa njia ya kutoka Kapata hadi duka ninakoshona nguo na kurudi. Basi transfoma ya mtaa wa duka ikaungua. Bwawa la Nzilo lipo hapo jirani, umeme unapita juu ya vichwa vyetu, na sisi tumekaa na cherehani zimenyamaza. Bosi wangu, Mama Aisha, ambaye kwao ni Kasongo na mumewe ana malori, akaniambia, "Zainabu, enda kutembea. Kamio ya bwana yangu inaenda Sandoa. Utapanda juu ya mizigo, hautalipa kitu."

Nilirudi nyumbani nikipiga vigelegele peke yangu. Nikamweleza mama mwenye nyumba ninakopanga chumba. Jina lake ni Mama Mujinga, na wewe usicheke, hapa ni jina la heshima la mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingo. Ni mjane. Mumewe alifanya kazi mgodini na kampuni ikawapa nyumba hii, moja katika safu ndefu ya nyumba zinazofanana. Aliposikia neno Sandoa aliweka chini bakuli la sombe, yaani kisamvu, akaniangalia.

"Kutoka Sandoa, Musumba haiko mbali tena," akasema. "Mi nako nitaenda."

Kwao ni Musumba, kule Kapanga, na hajakanyaga huko tangu watoto wake wakiwa wadogo. Dada yake mkubwa, Kasang, alibaki huko. Mfanyabiashara mmoja alileta habari kwamba Kasang amekufa. Baadaye mwingine akasema amemwona sokoni anauza mihogo. Simu huko hazishiki. Kwa hiyo mama wa watu amekaa miaka hajui alie au asilie.

Usiku ule alifunga kitenge kipya cha manjano na kitambaa cheusi katika furushi moja. "Nikimukuta, atavaa hii," akasema. "Nisipomukuta, mi njo nitavaa hii ingine."

Tulisafiri kimaskini, baba, na sijawahi kufurahi hivyo. Tulikaa juu ya magunia ya unga na chumvi pamoja na vijana wachimbaji waliokuwa wanarudi kusalimia wazazi. Chakula chetu kilikuwa karanga na mihogo mikavu niliyobeba, na maji tulichota visimani. Mji wa Kasaji tulilala kwa mama mmoja muuza mikate, asiyetujua hata kidogo. Aliona mvi za Mama Mujinga akasema hawezi kumwacha mama wa watu alale chini ya gari. Asubuhi alikataa tulichompa. Nikamshonea mwanawe shati lililochanika, kwa mkono, tukaagana kama ndugu.

Baada ya Sandoa sisi na wale vijana tulipata gari jingine la dereva aitwaye Assani, mtu mpole ila mwoga wa mito. Njiani tukakuta daraja la magogo limebomoka upande mmoja. Chini maji si mengi lakini yana kasi. Assani alishuka, akatazama, akakuna kichwa.

"Kamio haiwezi kupita," akasema. "Tunarudia Sandoa, tungoje batu ba barabara."

"Batakuya lini?" Mama Mujinga akamuuliza.

"Mama, hatujue. Pengine juma kesho, pengine mwezi."

Mama Mujinga alivua viatu, akavifunga kwenye furushi, akaliweka kichwani, akaanza kuvuka juu ya gogo moja lililobaki. Mimi niliogopa, maana mguu wake mmoja huwa unakufa ganzi, na nilijua hawezi kuogelea. Katikati gogo likatikisika. Akasimama, akangoja litulie, akaendelea. Alipofika ng'ambo akageuka na kuita:

"We Mutanzania! Unabakia?"

Nilivuka kwa kutambaa, baba. Sioni aibu kusema. Wale vijana walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakavua viatu wakanifuata.

Kutoka pale tulitembea, tukabebwa na waendesha baiskeli waliokuwa wanapeleka samaki wakavu. Mama Mujinga alikalia kifurushi cha samaki, amenyooka kama bibi harusi. Lakini tulipokaribia Musumba akaomba ashushwe mapema, atembee. Nikamshika mkono, tukaenda pamoja.

Nyumba aliikumbuka. Ilikuwa imepakwa udongo upya. Uani mwanamke mzee, mwembamba, mgongo kwetu, anatwanga kwenye kinu. Mama Mujinga akasimama kwenye ua. Akasema salamu ya kwao, "Moyo wenu."

Yule mwanamke akageuka. Akatazama. Mchi ukamtoka mkononi, akapiga yowe, akakimbia ndani ya nyumba na kufunga mlango!

Sisi wawili tukabaki uani na kuku. Majirani wakaja mbio. Kutoka ndani tulisikia akipiga kelele kwa Kilunda, na jirani mmoja akanitafsiria kwa Kiswahili, macho yamemtoka: "Anasema huyu ni mufu. Anasema dada yake alikufa zamani, alimulia, alinyoa na nywele."

Kumbe mume wa Mama Mujinga alipofariki, habari ilisafiri kutoka Kolwezi hadi Musumba, mdomo hadi mdomo, na ilipofika maiti ilikuwa imebadilika. Kule walimlilia mke. Kila dada alikuwa ameambiwa mwenzake amekufa.

Mama Mujinga alikaa chini mlangoni, mgongo kwenye ubao, akaanza kuzungumza polepole. Kilunda chake kimechanganyika na Kiswahili cha Kapata, akikwama kwenye neno analiruka. Jirani alinieleza baadaye kwamba alikuwa anasimulia jinsi walivyoiba sukari ya baba yao, wakiwa wadogo, na nani alichapwa. Kisha sauti kutoka ndani ikasema kitu kifupi, na uani watu wakaangua kicheko.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Anasema, uongo, njo mi nilichapwa!"

Mlango ukafunguliwa. Sitaweza kukuandikia walivyokumbatiana. Nililia kama mtoto na hata Kasang simjui. Kasang alimpapasa dada yake masikio, mabega, vidole, kama anayekagua nguo kabla ya kununua. Kitenge cha manjano akakivaa palepale juu ya nguo ya kutwangia. Kitambaa cheusi Mama Mujinga alimpa mke wa mjukuu wa Kasang akafanye mbeleko.

Tulikaa siku nyingi kuliko tulivyopanga. Nilikula bukari wa mihogo, ndio ugali wao, mpaka sketi ikanibana. Nilijifunza kutwanga kwa kupokezana na wenzangu, nikaogelea mtoni na wanawake. Jioni niliwaimbia zile nyimbo zako wakacheka sana, maana maneno unayoyaimba, baba, hayapo katika lugha yoyote.

Nilidhani nitarudi peke yangu. Lakini siku ya kuondoka Kasang alikuwa amesimama barabarani na kikapu. "Nataka kuona nyumba yenye banasema ulifia," alimwambia mdogo wake. Basi ndiye huyu hapa sasa hivi. Wamechukua chumba changu, mimi nimehamia sebuleni, na ninavyoandika wanagombana jikoni kuhusu chumvi ya sombe. Transfoma imetengenezwa, nimerudi kazini, na nyumba hii haijawahi kuwa na kelele tamu kama hizi.

Nisalimie mama mdogo Hadija anayekutunza, na kaka Shabani fundi seremala, mwambie nimeona miti huku, angeiona angelia. Shangazi Mwamvita umbusu mikono. Wadogo zangu wote, na majirani wanaokuja kusikiliza redio kwako.

Jana Kasang aliniuliza kama baba yangu anajua niko hai. Nikasema tunapigiana simu, na watu wanaovuka ziwa kwenda kwetu humpelekea salamu zangu. Akatikisa kichwa. "Salamu ya batu inageuka njiani," akasema. "Muandikie na mukono yako."

Basi tazama herufi hizi, baba, ulizonifundisha mwenyewe kwa mkaa sakafuni. Ni mimi. Niko hai, na nina furaha.

Binti yako,
Zainabu