Mizani ya Mjomba

Mdogo wangu daktari,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mama anakusalimu sana. Mguu wake umepata nafuu, ila mdomo ndio uleule. Anakusifia kwa kila anayepita, hata muuza maziwa hana raha.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza. Siku ile nilipomleta binti yangu ofisini kwako, nilisema ya nini nipange foleni kwa mgeni na mjomba yupo? Damu nzito kuliko maji, bwana. Nikiwa kwenye benchi nilikusikia mlangoni na mama mmoja, mtoto wake mnene kuliko wangu. Ulimpa mtoto penseli za rangi akachore nje kwanza, ndipo ukamwambia mama kwa upole kwamba si kosa lake, mtasaidiana taratibu. Nikafarijika, jamani.

Zamu yetu ilipofika, kwa kuwa sisi ni wa nyumbani, upole uliisha. Mtoto hukumtoa. Ulimpandisha kwenye mizani, ukawaita wauguzi waje waone kibonge wa ukoo. Ukaniuliza namlea au namnonesha kama wa kuchinjwa. Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana mjomba ana utani wake, na shida ilikuwa yangu. Mtoto alishuka akavaa viatu, akakosea miguu.

Tangu hapo akawa ameshiba kabla hajakaa mezani. Nguo zikamlegea, majirani wakanipongeza. Wewe ulipoona picha yake ukasema ukweli ni dawa chungu lakini inaponya. Nami nikakushukuru, mjinga mkubwa mimi! Kumbe chakula alikuwa anakificha kwenye mkoba wa shule na kukitupa njiani. Nilijua siku alipoanguka bafuni.

Sasa nikuambie ambalo hata mama hajui. Tumelazwa hospitalini kwenu, wodi ya watoto. Mtoto mwenyewe alinikataza kukuita, eti bado hajapungua vya kutosha. Jana ulikatiza wodini ukimtafuta daktari mwenzako, mimi niko nje nafua. Ulisimama miguuni pa kitanda chetu, ukamtazama mpwa wako, ukamwambia muuguzi mbele yake kwamba wanawake wengine wanajua kuzaa tu, kulisha hawajui. Eti mtoto wa watu amebaki mifupa. Ukaenda zako.

Muuguzi ndiye aliyenisimulia. Nikakimbia ndani nikijua nitamkuta analia. Wapi! Nilimkuta anacheka, meno yote nje. Akaniambia nimpongeze, mjomba hakumjua.

Tangu jana amekataa hata maji.

Wifi msalimie, watoto wabusu, nao wale washibe. Wodini usije.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.