Benki Inauliza Nitarudi Lini

Cardiff, 3 Februari

Mama mpendwa,

Hujambo? Masikio yanaendeleaje? Kama simu husikii tena, basi tuandikiane tu. Sisi wazima. Mabli ana wiki tisa, ananyonya kama ndama na hataki kulala.

Mama, mwenye nyumba anauza. Katupa nafasi ya kwanza tununue sisi, hadi mapema Aprili, tusipoweza, tuhame. Mshahara wa mkweo Gethin peke yake hautoshi kupata mkopo, na benki inahesabu hiki kiposho changu cha likizo ya uzazi kana kwamba ndiyo riziki yangu ya maisha. Nikamwambia afisa wao, "Septemba narudi kazini." Akatabasamu. "Hongera kwa mtoto, dada. Ila wengi husema hivyo, halafu hawarudi." Maziwa yalikuwa yamenivujia mpaka kwenye blauzi. Nilitamani nimkamulie usoni.

Mwanao,
Carys

Llanelli, 9 Februari

Mwanangu Carys,

Nakusalimu, na mjukuu wangu umbusu shingoni. Mimi mzima, ila masikio yamekufa kabisa. Jana tarishi alibisha mpaka akachoka, akaja kunipungia dirishani kama kichaa.

Mwambie bosi wako awaandikie benki kwamba kazi yako ipo. Usilie mbele yao. Na ule.

Mama yako

Cardiff, 20 Februari

Mama,

Natumaini hujambo. Mimi siwezi kusema sijambo.

Bosi kaandika. Benki wanasema Septemba ni mbali. Wanataka kuona mshahara kamili wa mwezi mmoja, uliokwishalipwa. Maana yake nirudi duka la dawa Machi hii. Bosi kakubali, lakini Mabli nimwache wapi? Vituo vya kulea watoto vimejaa hadi kiangazi. Gethin kafoka, "Basi tuhame!" Nikamwuliza, "Wapi? Wakisikia tuna mtoto mchanga, si wanasema nyumba imeshachukuliwa?"

Jana Mabli alilia chumbani, nami nimekaa sakafuni bafuni. Sikwenda, Mama. Nilimsikia na sikwenda. Najiogopa.

Mwanao

Llanelli, 23 Februari

Mwanangu,

Nakuja. Nitamlea mimi. Mbona nyie watatu niliwalea baba yenu akiwa baharini?

Mama yako

Cardiff, 25 Februari

Mama,

Usije. Akipaliwa je? Akilia je? Huwezi kulea mtoto usiyemsikia. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Carys

Cardiff, 27 Februari

Mama, hujajibu. Umekasirika? Jumatatu natakiwa kazini na sina mtu. Mama, andika chochote, hata unitukane.

Mwanao

Mezani jikoni, Jumatatu

Carys,

Jana niliingia hujaniambia karibu. Leo umetoka hujaniambia kwaheri. Basi tumelingana.

Ulipofunga mlango alilia. Nimemfunga kifuani kwa shali. Akianza tu kulia, mbavu zangu zinatetemeka, nami najua. Chupa kaikataa mara mbili. Ya tatu kanyonya, huku ananikodolea macho kama mwizi.

Ile barua yako iliniuma, nami nilikaa nayo siku nzima. Lakini ulisema kweli. Ndiyo maana simlazi chini hata kidogo. Nitamlaza ukirudi wewe.

Mama yako

Mezani jikoni, 4 Aprili

Mama,

Nimekuta mmesinzia kitini wewe na Mabli, mmoja juu ya mwingine, sikutaka kukuamsha.

Benki wamekubali. Gethin kapiga simu kazini kunipa habari, nikaangua kilio. Wateja wakadhani nimefiwa. Nyumba ni yetu, Mama. Hakuna wa kututoa.

Nilimfungua Mabli kwenye shali yako nimnyonyeshe. Akanitazama, akageuza uso. Akalia, mikono kainyoosha kwako. Maziwa yangu yenyewe yamebaki kidogo tu. Nilisimama hapo hapo na koti langu la kazini, katika nyumba yangu mwenyewe, nikamrudisha kifuani kwako. Akanyamaza.

Najua ulisema ungeondoka Jumamosi. Usiondoke bado. Nifundishe anavyopenda kubebwa.

Mwanao