Siku Niliyong'oa Vibao

Alhamisi. Mvua ya asubuhi imetuachia tope hadi mlangoni, kisha jua la mchana likaja kutukaanga. Hali yangu ni mbaya. Nimekasirika, na safari hii ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe, jambo nisilolizoea hata kidogo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Nekesa, Mkenya wa Webuye, mkazi wa Kawempe, na kazi yangu ni kutembeza watoto wa shule ndani ya kiwanda cha zamani cha nguo huku Nakawa. Kiwanda kilifungwa kitambo, sasa ni makumbusho. Pamba ilikuwa ikiingia kwa mlango huu, nyuzi zinasokotwa pale, nguo inatokea kule. Hadithi hiyo naisimulia kila siku ya Mungu, na hakuna anayenisikiliza.

Wananakili.

Jamani, acheni niseme yote leo. Basi likifika, watoto sitini wanashuka, kila mmoja na daftari na kalamu. Mashine hawaitazami. Wanakwenda moja kwa moja kwenye kibao cha maelezo, wanabanana, wanaanza kuandika. Wa nyuma haoni kibao, anaandika kwa kuchungulia daftari la wa mbele, na huyo wa nyuma yake vilevile, kwa hiyo wa mwisho kabisa anaondoka na maajabu. Wamenakili USIGUSE. Wamenakili CHOO. Wiki iliyopita msichana mmoja alisimama mbele ya kizima moto akakinakili chote, hadi maagizo ya kuvuta pini, na mwalimu akapita akamsifu kwa mwandiko mzuri.

Walimu ndio wenye makosa. Siku moja ya ziara wanataka bunge, uwanja wa ndege wa Entebbe, na sisi tumebanwa hapo katikati. Wakirudi shuleni madaftari yanasahihishwa, na wazazi nao wanataka kuyaona. Mtoto akikitazama kitu dakika mbili bila kuandika anaulizwa kama amekuja kuzurura.

Ni miaka mitatu sasa. Nimechoka mimi, haki ya Mungu.

Lakini kilichonitoa moshi hasa ni Mzee Rehani. Huyu ni Mnubi wa Bombo, aliyefuma nguo humu ndani tangu ujanani hadi mashine zilipozimwa. Sikio lake moja limeliwa na kelele za kazi hiyo. Ndiye anayeutunza mtambo wa kufumia, mmoja tu uliobaki mzima, kwenye chumba cha mwisho. Anafika kabla yetu sote, anaupaka mafuta, anaunga nyuzi zilizokatika, anavaa koti lake la kazi na kusimama mlangoni akingoja wageni. Wageni hawaingii. Wakimaliza kunakili vibao vya vyumba vyote, muda umekwisha, mwalimu anapiga filimbi, wanakimbilia basi. Muhula huu wote mtambo umewashwa mara mbili.

Basi Jumatatu meneja akatuita. Akasema chumba kikubwa namna ile hakiwezi kukaa bure, watu wanatafuta kumbi za harusi na za kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, kila wikendi. Kama hadi Ijumaa hakuna shule itakayouona mtambo ukifanya kazi, utauzwa kama chuma chakavu likizo hii.  Mzee Rehani alitazama mikono yake tu. Mimi nilitoka nje, maana ningebaki ningesema, na ningesema ningemwaga unga wangu hapohapo.

Jana jioni, kabla sijafunga, nikachukua bisibisi.

Naungama: niling'oa vyote. Kibao cha kuchambua pamba, cha kusokota, cha kutia rangi, hata kile cha choo. Cha mwisho kilikuwa ubao mrefu kando ya mlango wa Mzee, wenye maandishi madogomadogo. Huo nao nikautoa bila kuutazama mara mbili. Nikavirundika stoo chini ya ngazi, nikaenda zangu nyumbani nikiwa nimejaa raha. Niliwaza, kesho mtaangalia mtake msitake.

Leo saa nne wakaja, darasa la sita, mabasi mawili, wakiongozwa na mwalimu mwenye tai nyekundu. Watoto wakaingia chumba cha kwanza, wakafungua madaftari, wakainua kalamu. Wakatazama ukuta. Ukuta mtupu.

Mwalimu akaja kwangu mbio. Aliponisikia lafudhi akanigeuzia Kiswahili, akabakiza "mama" tu kwa lugha yao. "Nyabo, maneno iko wapi? Sasa watoto itaandika nini?"

Nikamwambia vibao vimepelekwa kusafishwa. Uongo mtupu, na macho yangu makavu. Mtoto mmoja aliyekuwa karibu, kwa kukosa la kufanya, akaanza kunakili beji yenye jina langu kifuani. Nikamwambia, mwanangu, hebu shika hii, nikamtia bonge la pamba mkononi. Akalibinya. Akalinusa. Akamwita mwenzake.

Wacha wee! Ghafla nikawa na kazi. Mbona ina mbegu? Nani alikuwa akizitoa? Hii mashine inakula vidole? Kweli kuna mtu alikatwa? Watoto waligusa kila kitu kinachogusika, na kwa kuwa hakuna cha kuandika, vyumba vyote tukavimaliza upesi. Tukafika kwa Mzee Rehani na muda tele mkononi.

Akatutazama kama mtu aliyepata wageni wa Idi. Akawapanga nyuma ya mstari, akafunga vifungo vya koti, akauwasha.

Anayedhani anajua kelele hajasimama karibu na mtambo ule. Sakafu ilitetemeka. Watoto waliruka, wakaziba masikio, kisha wakaanza kucheka na kupiga mayowe yasiyosikika. Kile kipande cha mbao kinachobeba uzi kilirushwa huku na huku hata jicho haliwezi kukifuata, na nguo ikawa inakuja, kidogokidogo, mbele ya macho yao. Uzi ulipokatika Mzee akauzima, akamwita msichana mmoja autafute kwa vidole, kisha mwenyewe akaufunga fundo kwa mkono mmoja na kuuwasha tena. Mwalimu mwenye tai alikuwa amefunua mdomo kama watoto wake.

Kelele zikamtoa meneja ofisini. Alisimama pale mlangoni akirekodi na simu yake, na mtambo ulipozimwa na watoto wakapiga makofi, akaniambia palepale kwamba hauuzwi, chumba kibaki kilivyo.

Nilitaka kurukaruka. Nilimgeukia Mzee nione uso wake.

Alikuwa akifuta mikono kwa tambara, amefurahi, ndiyo. Akawaambia watoto, "Haya, sasa njooni muandike watu." Akatoka nao hadi kando ya mlango. Akasimama.

Ukutani palikuwa na matundu manne ya skrubu.

"Watu wako wapi?" akauliza.

Mimi nilidhani anawasema watoto. Nikamwambia si hawa hapa, Mzee? Akarudia, sasa akinitazama mimi. "Watu wangu, Nekesa. Wako wapi?"

Nikaeleza. Sijui nilieleza nini, maneno yalinitoka ovyo. Kwamba ni kwa ajili ya mtambo, kwamba ni siku moja tu, kwamba vipo stoo, havijaharibika. Akanisikiliza kwa sikio lake zima. Kisha akaliomba daftari la mtoto aliyekuwa karibu naye, akalifungua ukurasa wa leo. Mweupe. Akamrudishia kwa upole.

Filimbi ikapigwa, mabasi yakaondoka.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alikaa kwenye benchi akaniambia kwamba ubao ule ni wa zamu yake, waliofuma naye chumba kile. Aliuandikisha mwenyewe kwa mchora mabango wa Wandegeya, jina la kila mtu na nambari ya mtambo wake. Wengi wamekwisha kufa. Yosia alikufa hana mtoto wala ndugu anayejulikana. Perusi hakuna anayejua alizikwa wapi. "Mtambo ni chuma," akasema. "Ukiuzwa, basi. Lakini kila siku mimi nasimama hapa naona watoto wanaandika Yosia. Wengine wanakosea, sawa, lakini wanaandika. Yosia yuko Mbale sasa, yuko Masaka, yuko Arua, ndani ya madaftari."

Na mimi siku zote nilimwona pale mlangoni nikadhani anasononeka kwa kuwa hawaingii.

Kumbe alikuwa akiwatazama.

Wakati wa adhuhuri ulipofika akaenda kuswali. Kwa kawaida akirudi tunakula pamoja, yeye na chapati zake, mimi na maharagwe yangu. Leo hakurudi. Mlinzi aliniambia amekwenda nyumbani.

Nikarudi kukasirika, nisidanganye. Kwani angeniambia angepungukiwa na nini? Miaka mitatu tunakula sahani moja! Ningejuaje? Nimemwokolea mtambo wake na bado nanuniwa! Nililalamika peke yangu chumba kizima hadi mlinzi akachungulia. Halafu likaja jibu, na sikulipenda: ningejua kwa kusoma. Ubao ulikuwa pale ukutani, kwa maandishi, na mimi ndiye mwongoza wageni.

Nikaenda stoo. Kabla sijaugeuza ubao, nikajijaribu. Nikasema haya, Nekesa, wewe unayewacheka watoto wa watu kwamba wanaandika bila kuelewa, taja jina moja mbali na hayo mawili uliyoambiwa leo.

Sikuweza. Hata moja. Nimepita mbele ya ubao huo kila siku ya kazi, na mtoto wa mwisho kwenye foleni, yule anayeandika maajabu, aliondoka na majina mengi kuliko mimi. Hasira hasara, wahenga walisema, na mimi huwa naitumia methali hiyo kwa wenzangu tu.

Niliupangusa vumbi nikaukaza skrubu zote nne. Vibao vingine navyo nimevirudisha, mikono inaniuma. Mkitaka kujua, bado naamini mtoto aguse pamba kwanza, aandike baadaye, na shule ijayo nitamwambia mwalimu hivyo mapema, getini, hata anune. Kalamu nitawaruhusu wazitoe tukifika kwa Mzee.

Nikatoa daftari langu. Nikasimama pale kama darasa la sita, nikanakili. Majina nayaweka na hapa, maana huku mtandaoni nako ni mahali.

Yosia, mtambo wa kwanza. Perusi, wa pili. Abdalla Mrefu, wa tatu. Abdalla Mfupi, wa nne. Wafula, wa tano. Huyo ni mtu wa kwetu, nami sikumjua. Nalongo Tereza, wa sita. Musisi, wa saba. Bakhita, wa nane. Okello, wa tisa. Mama Zaina, wa kumi. Kizito, wa kumi na moja.

Mtambo wa kumi na mbili hauna jina. Pamewekwa nambari, halafu pakaachwa wazi.

Nikaingia chumbani nikauinamia ule aliouwasha leo, nikafuta grisi kwenye chuma cha ubavuni. Kumi na mbili.

Kwa hiyo ameandikisha wote, akajiacha yeye. Kesho nitamuuliza kwa nini. Kama atakuwa anaongea na mimi.