Siku Sita Zilikuwa Wazi

Jumapili, 30 Juni 1991

Daftari yangu, salamu nyingi. Hujambo? Najua wewe ni karatasi na huugui, lakini mama yangu kule Bungoma alinifundisha kwamba mtu haanzi maneno kabla ya kuuliza afya. Mimi ni mzima, isipokuwa hili goti la kushoto. Bwana asifiwe.

Leo nina neno zito. Barua ya Walter imefika! Mwanangu Walter, kipa wa timu ya Nairobi. Miaka minne hajakanyaga hapa mtaani Manyatta, Kisumu.

Wewe tu ndiye nakuambia. Walter alianza kudaka mpira siku za Sabato, akiwa na miaka kumi na tisa. Na mume wangu Dishon ni mzee wa kanisa letu la Sabato. Alimwambia mbele yangu: siku utakayocheza siku isiyo ya Bwana, nitakuja kukuangalia kwa miguu yangu mwenyewe. Kabla ya hapo usinihesabu. Walter akachukua begi. Wote wawili vichwa mawe.

Sasa barua inasema hivi: Jumapili tarehe 14 Julai watacheza hapa Kisumu na Winam Rovers. Jumapili! Na tarehe 27 anapanda ndege kwenda Oman, amepata mkataba wa kucheza huko miaka miwili. Mwishoni ameandika: Baba msalimie, kama atapokea.

Nimeisoma mara nne. Bado sijamwonyesha Mzee.


Jumatano, 3 Julai

Nimemwonyesha. Aliisoma akiwa bado na overoli ya karakana ya reli, mafuta mikononi. Akala. Akanawa. Kisha: "Nelima, nilisema nini ile siku?"

Nikamwambia, ulisema utaenda.

"Basi mimi si mwongo."

Daftari, niliingia chumbani nikapiga magoti, goti bovu na yote!


Jumapili, 7 Julai

Mzee amenunua tiketi mbili. Za jukwaani! Watu wa dirishani walimshangaa, mechi bado wiki nzima.

Masinde wa nyumba ya pili alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye anauza mitumba pale soko la Kibuye, ni mtu wa kwetu Bungoma, kwa hiyo mimi ni dada yake na Mzee ni shemeji yake, na shemeji hana adabu. "Shemeji, pesa zinakuwasha? Dakika ishirini za mwisho wanafungua geti, watu wote wanaingia bure. Hata mbuzi."

Mzee akamjibu polepole: "Mimi sitamwona mtoto wangu dakika za mwisho kama mbuzi."


Jumapili, 14 Julai

Nina hasira. Bwana anisamehe, nitaandika kwa hasira hivyo hivyo.

Tulivaa vizuri. Mzee suti ya kahawia, kofia. Mimi ile nguo ya makambi ya kanisa. Nikabeba chapati kumi na mbili na kuku kwa kitambaa, za Walter. Tukafika saa nane na nusu ili tusikose mlango.

Geti lina kufuli. Kufuli! Mlinzi amelala kwenye kiti, kifungo cha shati wazi. Tukamwamsha. Akasema: mechi? Imesukumwa mpaka Jumatano. Ilitangazwa kwa redio.

Lini?

Ijumaa, saa tatu usiku.

Sasa sikiliza, daftari. Kwetu jua likizama Ijumaa redio inafungwa na kufunikwa kitambaa, mpaka jua lizame Jumamosi. Ni hivyo tangu tuoane. Walitangaza mara moja tu, wakati huo huo!

Nikatazama wale tuliosimama nao kwenye kufuli. Nani? Mama shemasi. Mwimbishaji wa kwaya. Gordon wa hazina na wake zake… hapana, na dada zake. Nusu ya kanisa letu, wamepaka mafuta, wamevaa viatu! Mji mzima ulijua isipokuwa Wasabato. Wengine walikuwa watu wa Muhoroni, wamekuja juu ya trela ya miwa, vumbi mpaka kope. Mmoja alipiga geti kwa kiatu: "Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi! Mnatuona sisi miwa, mnatusaga tu?" Na Seline anayeuza njugu alikuwa ameshachemsha karai mbili. Analia. Nani atakula njugu hizo, hao wakubwa wa ligi?

Njiani tukakutana na Masinde. "Shemeji! Redio yenu iko wapi?"

"Ilikuwa inapumzika na Bwana."

"Na mpira nao umepumzika. Nawaambia, niligonga kwenu jana mara mbili."

Tulikuwa kanisani.

Chapati tumekula wenyewe. Hazikushuka.


Jumatatu, 15 Julai

Mzee ameomba ruhusa ya nusu siku, Jumatano. Miaka kumi na tisa ya reli hajawahi kuomba, hata alipofiwa na kaka yake alingoja Jumapili ndipo akaenda kuzika. Msimamizi akamuuliza, mgonjwa? Angeweza kusema ndiyo. Akasema: hapana, naenda kumwona mtoto wangu akidaka mpira. Karakana yote ikacheka. Lakini ruhusa amepewa.


Jumatano, 17 Julai

Sitaki kuandika.

Naandika.

Saa saba mchana nilikuwa nakanda unga wa pili. Nikasikia gari la kipaza sauti linapita hapo barabarani. Mechi ya leo haipo. Itachezwa Jumamosi tarehe ishirini, saa kumi jioni. Mashabiki wavumilie. Sababu? Hakuna. Wavumilie tu!

Jumamosi.

Mungu aliumba siku saba. Sita zilikuwa wazi. Watu hawa wakakaa kwenye meza yao, na chai yao, wakachagua ya saba.

Mzee alikuwa ameshafika kutoka kazini, anafunga kamba za viatu. Alisikia. Akafungua kamba. Sikuona uso wake, alikuwa ameinama. Kisha akachukua zile tiketi, akafungua Biblia, akaziweka kwenye Kutoka ishirini, pale penye amri. Akavaa overoli, akarudi karakana. Nusu siku ya ruhusa, akaenda kuirudisha!

Nje watu wanatukana. Masinde anasema wapigwe mawe. Mimi mke wa mzee wa kanisa nilitafuta moyoni mwangu neno la kumpinga. Sikulipata.


Alhamisi, 18 Julai

Nilienda kwa mchungaji. Nikamuuliza, je, mama akienda kumwona mtoto wake siku ya Sabato, asikae, asishangilie, asimame tu?

Akasema: "Mama, moyo wako unajua."

Nikamwambia, moyo wangu unajua, ndiyo maana nimekuja kukuuliza wewe.

Akanipa chai.

Jioni nilimwambia Mzee, kwa nini usimngoje hotelini kwake? Akasema, nilisema nitamwona akicheza, sikusema nitamwinda hotelini. Nikamwambia, siku imeharibiwa na watu wengine, si yeye. Akasema: "Najua." Nikamwambia, basi! Akasema: "Nelima, hata Sabato haikuwekwa na yeye. Wala na mimi."

Nilikasirika nikalala nimegeukia ukuta.


Ijumaa, 19 Julai

Ujumbe umefika kwa kondakta wa basi la Nairobi, alikuja mpaka mlangoni na fulana yenye jasho. Alisema kama mtoto aliyekariri shairi: "Walter anasema timu inaingia leo usiku, hawaruhusiwi kutoka hotelini wala kupokea wageni. Mechi ikiisha gari linageuka hapo hapo. Na anasema, mwambieni Baba mimi sipangi siku."

Mzee alikuwa kizingitini anapaka rangi viatu vya kesho, matayarisho ya Sabato. Hakuinua kichwa. Kondakta akaondoka. Alipaka kiatu cha kulia, akamaliza, akakiweka. Akakichukua tena kile kile cha kulia, akaanza upya.

Tarehe 27 iko karibu. Miaka miwili, Oman. Mzee ana miaka hamsini na nane na kifua kibaya. Wewe daftari hesabu mwenyewe, mimi siwezi.

Jua linazama. Nimefunika redio. Leo nimeifunika kama mtu anayeziba mdomo wa adui.


Jumamosi, 20 Julai

Naandika nimesimama, daftari juu ya Biblia. Kama hii ni kazi, Bwana anisamehe. Ni saa kumi na moja na nusu.

Unajua kanisa letu linatazamana na uwanja, ukuta na ukuta, barabara katikati. Asubuhi ilipita. Mkutano wa mchana aliuongoza Mzee, somo la Danieli. Saa kumi mpira ukaanza. Kila kelele ilikuja mpaka kwenye mabenchi. Kelele ya kupanda… watu wote kanisani wananyamaza… kisha ooooh. Amedaka? Amefungwa? Nani wa kuuliza! Gordon wa hazina alikuwa amefumba macho, lakini mguu wake ulikuwa unapiga mpira. Mzee aliendelea na simba wa Danieli, sauti ile ile. Ila jasho.

Kisha tukasikia miguu. Watu wengi wanakimbia, watoto, viatu, vicheko. Kila mtu wa Kisumu anajua sauti hiyo. Geti limefunguliwa, ni dakika ishirini za mwisho.

Mzee alinyamaza katikati ya aya. Akafunga Biblia. Akasema: "Tutafunga kwa wimbo. Ubeti wa kwanza na wa mwisho."

Wa kwanza na wa mwisho! Tangu awe mzee wa kanisa hajawahi kuruka ubeti hata mmoja. Hata mvua ikivuja. Mama shemasi alinigeukia, mdomo wazi. Tuliimba mbili, mwimbishaji akaimba haraka kuliko siku zote, Bwana ambariki.

Nje, nyumbani ni kushoto. Mzee akakata kulia. Nikamfuata na goti langu.

Sasa amesimama kwenye lami, mbele ya geti lililo wazi. Ncha za viatu vyake ziko pale lami inapoishia. Nilikuwa sijamuuliza neno, akaniambia: "Hapa ni barabara. Barabara ni ya siku zote." Watu wanatupita pande zote mbili kama maji.

Lango lililo karibu nasi ni la Walter. Jezi ya kijani. Ametugeuzia mgongo. Mgongo umepanuka, daftari, umekuwa mgongo wa mwanamume. Masinde baadaye… hapana, watu wanaopita wanasema mabao ni moja kwa moja. Winam Rovers wanashambulia, amedaka moja ya juu, akaanguka nayo, na Mzee akatoa sauti ndogo, kisha akakohoa ili nidhani ni kifua.

Masinde ametuona, amekuja mbio. "Shemeji! Ingia! Hata mbuzi wameingia!"

"Siingii, Masinde."

"Basi mwite ageuke!"

"Leo sipigi kelele za mpira."

Amevua kofia. Ameishika kifuani kwa mikono miwili. Hageuzi macho.

Masinde ananiambia, dada, fanya haraka, andika kitu, nitakizungusha nyuma ya lango, wale waokota mipira wananijua. Nachana ukurasa. Ujumbe naunakili hapa kwanza, ili ukae na wewe:

Walter mwanangu, salamu. Hujambo? Sisi wazima. Mpira ukienda mbali, geuka nyuma uangalie barabarani. Baba yako yuko hapa, kofia mkononi. Hatavuka, lakini amekuja kwa miguu yake. Zimebaki dakika sita. Tafadhali nijibu upesi, hata kwa mkono tu.