Neno la Siri la Waifai Yangu

Barani, Jumanne.

Bila mimi waifai ya mtaa huu ingezikwa zamani. Hata mafundi wa Kilifi hunipigia simu wakikwama.

Leo Mwanaidi, binti wa dada yangu, alikuwa na mahojiano ya kazi kwa video, na hoteli moja ya Watamu, saa nne kamili. Dakika kumi kabla, laptopu yake ikagoma kushika waifai. Nikamwambia ni chumvi ya bahari. Nikazima ruta, nikawasha. Wapi!

"Mjomba, hukubadilisha neno la siri juzi?"

"Nilibadilisha. Majirani walizidi kuninyonya."

"Basi nitajie, niandike."

"Lete mashine. Haya ni ya wataalamu."

"Mjomba, tafadhali, watanitoa orodhani!" Machozi yashamlenga.

Nikaigeuzia laptopu ukutani nikaandika mwenyewe, herufi moja moja. Ikashika. Kazi kaipata, alhamdulillahi.

Lakini jioni kaniletea mahamri sita kutoka kwa jirani. "Bi Rukia anakusalimu, kipenzi chake," akaangua kicheko.

Neno la siri ni *kipenzirukia*. Skrini hakuiona, naapa. Ila mimi, tangu darasa la pili, siwezi kuandika bila kuitamka kila herufi kwa sauti.